Ng'ombe na Bibi Harusi Katika Jedwali Moja

Nilikuwa nimetengeneza programu tatu za mtandaoni, na nilijivunia kila moja. Ya kwanza ilikuwa ya parokia, kwa ajili ya ubatizo na ndoa. Ya pili ilikuwa ya shule ya msingi hapa Kasenga, Uvira, ambako mdogo wangu anafundisha. Ya tatu niliwatengenezea wafugaji wa Rurambo, milimani nyumbani kwa baba yetu, ili historia ya ng'ombe imfuate hata akibadilisha mmiliki. Zote zilikaa kwenye kompyuta ya kukodi huko mbali, tunakokuita kwenye wingu, na zote zilichota habari kutoka hifadhidata moja. Wenzangu waliniambia nizitenge. Nikawajibu kwamba mimi si mtu wa kufagia nyumba tatu wakati moja inatosha.

Jedwali kuu lilikuwa na safu za jina, kwao, na nyingine niliyoiita "wa nani". Parokia ilijaza hapo jina la baba mzazi, na wafugaji jina la mwenye ng'ombe. Kisha nikaweka kanuni: mambo hayo matatu yakilingana, ni kiumbe kimoja kimeandikwa mara mbili, kiunganishwe. Mpaka leo nasema kanuni ile haikuwa na kosa. Kosa ni la baba yangu.

Mdogo wangu alipochumbiwa na kijana wa Mutarule, wakwe walipandisha Rurambo ng'ombe wa mahari. Sasa baba ana desturi yake: ng'ombe aliyeletwa na binti anapewa jina la binti huyo, lote, kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo. (Ng'ombe mwenye jina langu hayupo, kwa sababu sijaolewa, na mjadala huo tuuache.) Baba akamwandikisha kwa simu yake, kwao Rurambo, mwenyewe ni baba, na programu, kwa utiifu wote, ikamuunganisha na mdogo wangu.

Ijumaa moja katibu wa parokia, mama asiyecheka na mtu, akanipigia simu.

"Kuya hapa mbio. Na muzee wenu nimesha kumuita."

Nilimkuta mdogo wangu ofisini, macho mekundu. Padri alikuwa ameshika kichwa. Tangazo la mwisho la ndoa lilitakiwa kusomwa Jumapili, na katibu alikuwa amelizuia. Akanigeuzia kompyuta nisome mwenyewe. Chini ya jina la mdogo wangu paliandikwa: amezaa mara mbili, mpole, lakini hupiga teke, pembe ya kushoto imepinda, mwenyewe wa zamani, na hapo likafuata jina la baba wa bwana harusi.

Nilielewa papo hapo. Nilipotaka kufungua mdomo, baba akaingia, ameshuka tu kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Katibu hakunipa nafasi.

"Muzee, sema ukweli mbele ya Padri. Mwenye jina hii, hapa iko banaandika ni mupole lakini anapiga teke, na alisha kuzala mara mbili. Ni kweli?"

Baba akatambua maneno aliyoyaandika mwenyewe, akachangamka.

"Kweli kabisa, mama. Na sasa iko na mimba ingine!"

Padri akatafuta kiti. Mdogo wangu akapiga yowe: "Baba! Minye?"

"Hapana weye," baba akashangaa. "Ngombe."

Nikaeleza kuhusu jedwali, kuhusu kanuni, na hakuna aliyenisikiliza. Padri alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Katibu hakucheka. Akasema ng'ombe abadilishwe jina sasa hivi, la sivyo hasomi tangazo. Nami nikamuunga mkono, maana ndiyo njia fupi.

"Haitabadilika," baba akasema.

"Unapenda ngombe kuliko ndoa yangu?" mdogo wangu akamuuliza. Alikuwa na hasira ya kweli, na mimi pia.

Baba akavua kofia.

"Mulishuka huku Uvira bote. Weye ulikuwa unapanda kila konje, masomo ikifungwa. Sasa unaenda kwa mume. Asubuhi nikifungua mulango, nitaita nani? Nikiita jina yako, ile ngombe inageuza kichwa."

Mdogo wangu akajifuta uso, akaja kusimama karibu na kiti changu.

"Ngombe ibakie na jina yake. Badilisha fasi ya kwetu. Minye sitakuwa tena mutu wa Rurambo."

Alikuwa sahihi: jambo moja likikataa kulingana, kanuni inawaachia. Nikafuta Rurambo mbele ya jina lake, nikaandika Mutarule. Baba alikuwa nyuma yangu, anasoma herufi moja moja. Tulilia wote watatu, huku katibu akituuliza kama tangazo sasa lisomwe au lisisomwe.