Sufuria zetu zimetoka zahanati

Leo mwanangu wa kumzaa ameniita "mjumbe" mbele za watu.

Mnamjua Devota wangu, nesi wa zahanati yetu hapa Kirushya. Kama humjui, ndiye yule mwenye mwandiko mzuri.

Kwenye kikao cha kamati ya zahanati akasema wanaojifungua wanapumzika kwenye benchi la koridoni na kichanga mkononi, wakati chumba cha nyuma kimejaa sufuria.

Sufuria ni za kikundi chetu cha akina mama, za kupikia harusi. Mwenyekiti wa kikundi ni mimi, na kwenye kamati nami ni mjumbe.

Kamati nzima ikaanza kuangalia dari. Mzee Bukuru, anayeongoza kikao, akasema jambo hili lisubiri kikao kijacho. (Huyo nimempikia harusi tatu.)

Devota akasema, "Mzee, naomba mjumbe mwenye sufuria aseme leo."

Mjumbe. Mtoto niliyembeba mgongoni nikilima maharage.

Nikasimama. Nikasema mzazi hawezi kulala kwenye benchi, sufuria zitoke leo. Nikanyoosha mkono wa kwanza, wote wakanyoosha.

Mzee Bukuru akauliza zihamie wapi.

Nikapendekeza sebuleni kwa nesi, maana anaishi peke yake, tena jirani. Mikono ikapanda haraka kuliko mwanzo.

Devota ndiye katibu, kwa hiyo maamuzi hayo akayaandika mwenyewe, kwa ule mwandiko.

Jioni hii chumba cha nyuma kina kitanda, na mama mmoja amelala na mwanawe. Nesi yuko kwake, amekalia sufuria ya pilau, anakunywa chai na hanisemeshi.

Picha hiyo hapo. Semeni wenyewe amefanana na nani.