Kilichogonga Chini ya Wimbo

Fundi mjini Kisii aliponionyesha bol jointi ya gari langu, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele, ilivyolika, harufu ya grisi ilinirudisha utotoni.

Nilikuwa mdogo, nimekaa kiti cha nyuma cha gari kuukuu la baba, tukiteremka kutoka Ekerenyo kwenda kanisani. Gurudumu la mbele lilikuwa likigonga, ko, ko, ko. Nililisikia kwa nyayo kabla ya masikio.

"Baba, kuna kitu kinagonga."

"Leo ni Sabato," alisema. "Spana tutashika kesho."

Mama akaanzisha wimbo. Kila gari lilipogonga aliongeza sauti, baba akaitikia kwa besi, mpaka masikio yangu yakajaa wimbo tu. Nyayo hazikudanganyika. Niliinua miguu, nikaikumbatia, nikaimba nao.

Kwenye kona ya mashamba ya chai, pua ya gari ilianguka upande mmoja ikakwaruza lami. Tulisimama ukingoni mwa bonde, gurudumu limelala kama mguu uliovunjika. Mama alikuwa bado anaimba, kwa kunong'ona, ubeti uleule.

Wanangu wakianza kuimba garini, mimi huwanyamazisha kwanza, kisha huvua viatu na kukanyaga sakafu.