Kijani cha Landrova ya Baba

Nikinusa rangi ya mafuta popote pale, hata ikiwa ni ya geti la jirani hapa Rau, pua yangu hudai na harufu nyingine ambayo haipo: ile ya maganda ya kahawa yanayochacha kando ya mfereji. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, na tangu mavuno ya kahawa hadi Krismasi nyumba yetu ya Kibosho ilinuka vyote viwili, kwa sababu baba alikuwa ameleta nyumbani Landrova ya jeshi. Kuileta ni kusema tu. Ilivutwa na trekta kutoka shamba moja la Sanya Juu, injini haiwaki, viti havipo, kuku wametagia nyuma, na rangi nyeupe aliyoipaka mwenye shamba ilikuwa ikibanduka na kuonyesha bluu ya mwenye shamba aliyemtangulia. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kama hayo ndiyo mabati ya jiko aliyoahidiwa. Baba akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, kwa hiyo mimi nilichanganyikiwa tangu siku ya kwanza, na hali hiyo haikuniisha.

Baba alikuwa dereva wa gari la namna hiyo wakati wa vita vya Kagera. Nyuma yake alikaa kaka yake, baba mkubwa Kalisti, ambaye kazi yake ilikuwa redio. Waliondoka wawili, akarudi baba peke yake. Mahali fulani ng'ambo ya mpaka, gari lilijaa majeruhi, baba mkubwa akabaki barabarani na redio yake, na hakuonekana tena. Bibi, mama yao, alimuuliza baba swali moja tu: Kalisti alishuka mwenyewe, au mlimshusha? Baba akajibu kwamba hakumbuki. Alikumbuka tope, alikumbuka gia iliyokuwa ikikwama, alimkumbuka majeruhi mmoja aliyekuwa akiomba maji, lakini pale kaka yake aliposhuka palikuwa pamefutika kabisa. Bibi hakuamini. Tangu hapo hakuvuka mfereji uliopita kati ya nyumba yake na yetu, ingawa kihamba, shamba letu la ukoo, kilikuwa kimoja na migomba ilikuwa ile ile huku na huku. Aliyevuka ni mimi, na kibuyu cha maziwa. Shikamoo zangu ziliitikiwa, za baba ziliishia hewani juu ya maji.

Kwetu dawa ya mambo hayo inajulikana. Kuna mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na penye makaburi, unaitwa isale. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale, hana ujanja, lazima akusamehe, na akikataa ukoo mzima utamshangaa. Masale yalijaa kwenye mpaka wetu, ya kutosha kusamehe kata nzima. Siku moja tukimenya ndizi nilimuuliza mama kwa nini baba asikate jani moja tu, yakaisha. Mama akachukua ndizi nyingine. "Isale anapeleka mtu anayejua kosa lake, Manka," akasema. "Baba yako hajui kama analo." Nikamuuliza sasa gari linahusikaje. Akaniambia nikachote maji.

Nilikuja kuelewa nusu nusu, kwa kusikiliza. Baba aliamini kwamba gari likirudi kuwa kama lilivyokuwa, lisipungue kitu, na yeye akakaa pale alipokuwa amekaa, lile lililofutika litarudi lenyewe. Ndiyo maana hakutaka kijani cha jumla jumla. Alikwangua kwa msasa, akaitoa nyeupe, akaitoa bluu, vidole vikatoka malengelenge, mpaka akakifikia kijani cha jeshi nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hakuna mpaka rangi aliyejihangaisha kufika. Kipande hicho hakikuzidi kiganja changu. Alikuwa akichanganya rangi kwenye makopo matupu ya mafuta ya Kimbo, anapaka kidogo kwenye ubao, anausubiri ukauke juani, kisha anausogeza pale nyuma ya dashibodi na kuniuliza mimi, eti macho yangu ni mapya. Hii imezidi unjano. Hii ni ya majani ya mgomba, siyo ya jeshi. Nilijibu kwa ujasiri mkubwa nisioujua ulitoka wapi, naye alinisikiliza kama vile mimi ndiye jenerali. Mlango wa banda la mbuzi ulipakwa kila kijani kilichokataliwa, na mbuzi wakatoka na mistari.

Redio ndiyo iliyonimaliza akili. Aliipata kwa muuza vyuma chakavu, sanduku zito la chuma lenye vitufe vikubwa, akaikalisha mapajani mwangu kwenye basi hadi Majengo kwa Fundi Shabani, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye chumba kimoja karibu na msikiti. Fundi aliigeuza, akaipuliza vumbi, akamtazama baba kwa huruma.

"Mzee wangu, hii nikiifufua itaongea na nani? Mwenzake yuko wapi?"

"Wewe ifufue tu, fundi."

"Nitaifufua isikie. Kusema, hapana. Sitaki polisi hapa kwangu."

Basi tukarudi nayo ikiwa na masikio bila mdomo. Baba aliifunga nyuma ya kiti chake, akasimamisha antena ndefu iliyofika kwenye majani ya migomba, akaiwasha. Ilitoa mvumo tu, kama mvua ya mbali kwenye bati. Tulikaa ndani ya gari, yeye kwenye usukani, mimi nyuma mahali pa baba mkubwa, tukiusikiliza mvumo ule jioni baada ya jioni. Nilitamani sana kumuuliza kama amekumbuka. Niliogopa akisema hapana, na niliogopa zaidi akisema ndiyo.

Krismasi ikafika, ndugu wa Dar wakapanda kwetu mlimani na watoto wao wenye viatu vipya, na baada ya misa baba akaliwasha gari. Injini aliyoifunga upya kipande kwa kipande iliwaka. Alilisogeza polepole kati ya migomba hadi ukingoni mwa mfereji, mbele ya nyumba ya bibi, injini ikinguruma na redio ikivuma, akashuka akasimama kando ya mlango akiwa ameshika kofia. Ukoo wote ulikuwa nyuma yetu. Bibi alitoka, akatazama, akavuka mfereji. Alilizunguka gari, akaigusa rangi, akaitazama antena, akachungulia redio.

"Siyo hili," akasema.

Nilimwona baba akinyong'onyea. Miezi yote ile, na makopo yote yale.

"Lile lilikuwa na isale," bibi akaendelea. "Siku mnapita Moshi nilishuka mpaka barabarani na kina mama wenzangu. Nililifunga mwenyewe kwenye kioo cha pembeni, upande wa Kalisti, mwende mrudi kwa amani. Lilikwenda wapi?"

Baba aliushika mkono mtupu wa kile kioo. Kisha akazungumza kwa sauti nisiyoijua, ya chini, ya kijana. "Alilifungua, mama. Aliposhuka. Akalifunga kwenye redio yake, akapiga bodi kwa kiganja, akaniambia nenda."

"Kwa hiyo alishuka mwenyewe."

"Alishuka mwenyewe."

"Yelewii," bibi akasema, taratibu tu, akaketi kwenye ngazi ya gari. Kisha akainuka, akaenda mpakani, akakata jani la isale, akarudi nalo. Nilidhani atampa baba, halafu nikadhani atamwambia baba ampe yeye. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilifunga kwenye kioo, akavuta fundo likakaza, akaingia nyumbani kwetu, akauliza kama chai ipo.

Mimi ni mtu mzima sasa, na baba na bibi wote wawili wamelala pale kihambani, karibu karibu. Mwanangu hunipigia kutoka Dar mara kwa mara kuuliza niko wapi, nimekula nini, nimefika, na nisipopokea anawapigia majirani. Kwake haiingii akilini kwamba mtu anaweza kushuka barabarani na asijulikane tena alipo. Simcheki. Jambo linalonitatiza mimi ni jingine. Sijui mpaka leo kama siku ile baba alikumbuka kweli, au alimpa mama yake jibu alilokuwa amelisubiri. Niliwahi kumuuliza, akiwa kitandani miezi yake ya mwisho. Alinitazama vizuri, akaniuliza kama betri ya redio nimeichaji.

Landrova ipo bado bandani, kijani kile kile. Vijana huja kuiomba kwa picha za harusi, na huwa nawaambia haitoki. Kila Desemba nikipanda Kibosho naanza na mpakani, nakata isale, nalifungua la mwaka jana lililokauka, nafunga jipya. Kisha nakaa nyuma, nawasha redio, na kuusikiliza mvumo. Bado sijui nasikiliza nini, lakini kuizima huwa naona shida.