Umeamkia Wapi Leo?

Kila asubuhi, kabla hajaweka mkoba chini, Bi Miwani aliifuta kompyuta ya dirishani kwa pindo la gauni, akaiwasha, akaiuliza, "Haya mama, umeamkia wapi leo?" Kisha alifungua kile kidirisha cheusi, akaandika amri ya ipconfig, akabonyeza Enter. Maandishi yakamiminika. Yeye alitafuta mstari mmoja tu, ule wenye neno IPv4, akaisoma kwa sauti anwani ya kompyuta hiyo kwenye mtandao wa duka kama anayeitikia salamu.

Mdogo wake, aliyefanya naye kazi katika duka hilo la kuchapa, alimcheka mpaka akazoea. Lakini sababu ilikuwepo. Printa ilichomekwa kwenye kompyuta ya dirishani, na kompyuta ya ndani ilituma kazi kwa kufuata anwani ya mwenzake. Umeme ukikatika, anwani ilibadilika, na kazi zikawa zinabisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Siku Bi Miwani alipokuwa akihama kumfuata mumewe, gari lilishapakiwa, linangoja nje. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri, ukarudi. Mwalimu alikaa kwenye benchi akisubiri karatasi za mtihani, na printa ilikuwa kimya. Mdogo mtu aliwaza: kazi ikimshinda leo, kesho nani atakanyaga dukani?

"Dada, njoo basi."

"Mimi mgeni hapa," alisema Bi Miwani, amekaa kitini karibu na mlango, mkoba mapajani. "Niletee maji."

Akamletea. Akarudi kwenye kompyuta ya ndani, akafungua kidirisha, akaandika, akapata anwani, akaiwekea printa. Kimya.

"Imekataa."

"Umemuuliza nani anakokaa?"

"Kompyuta."

"Ipi?"

Mdogo mtu akatazama meza aliyokalia. "Yaani nimejigongea mlango mwenyewe."

Mwalimu akakohoa kuficha kicheko.

Akaenda dirishani. Kioo cha kompyuta kilikuwa na vumbi, akakifuta kwa pindo la gauni. "Haya mama," akanong'ona, "umeamkia wapi leo?" Jana anwani iliishia kumi na mbili, leo kumi na tisa. Akaisoma kwa sauti ili dada asikie, akakimbia ndani kuibadilisha. Printa ikaguna, ikavuta karatasi ya kwanza.

"Umeona, Dada?"

Glasi ilikuwa juu ya kiti, imebaki maji kidogo. Nje mlango wa gari ulifungwa, injini ikanguruma, ikafifia barabarani. Mdogo mtu akabaki na karatasi mkononi, ingali na joto.

"Ni nakala ngapi, mwalimu?" akauliza.