Mwalimu Zakaria na Neno "Masti"

Harufu ya dawa ya vidonda, ile ya kahawia inayowasha mpaka puani, hunirudisha upesi kwenye baraza ya misheni yetu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Dodoma, enzi za Wajerumani. Wakubwa wa bomani walitaka Kijerumani. Padre wetu, Mwingereza, alizungumza nasi Kigogo, tena kizuri. Kiingereza kilikuwa na mpenzi mmoja tu, Mwalimu Zakaria, aliyekipata pwani pamoja na viatu vyake vya kubana.

Alitufundisha maneno ya kila siku. Kila siku ya nani, niwaambie kweli, sijui. Tulijua kuutaja mwavuli katika nchi ambayo mvua ikinyesha watu hutoka nje walowe. Tulijua kuomba siagi mezani, sisi ambao siagi tuliipaka mwilini. "Kani" ni kuweza, alisemea puani, "masti" ni lazima, na "mei" ni kuomba ruhusa. Mtoto mwenye adabu husema "mei". Hata kwenda kujisaidia uliomba hivyo, na wadogo wengi walijikojolea wakilitafuta neno.

Siku moja mdogo wangu Ndahani, ndiyo kwanza anatambaa, alitumbukiza mkono kwenye chungu cha uji wa moto. Mama alinituma misheni mbio. Padre alikuwa safarini, na ufunguo wa kabati la dawa Mwalimu aliuvaa shingoni. Nilimkuta barazani anafuta viatu. Nikadhani Kiingereza kitamharakisha, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ni "masti" anipe dawa, mtoto ameungua.

Aliweka kiatu chini. "Nani wa kuniambia mimi masti?"

"Mwalimu, mkono wa Ndahani umeungua."

"Anza upya. Kwa adabu."

Nikasema "mei". Akasema sauti yangu ina kiburi. Nikasema tena; akasema nimesahau "tafadhali" ya Waingereza. Nilipoanza kulia, akasema hasikii. Nilisimama juani mpaka mama akatokea, Ndahani mgongoni, sauti imemkauka kwa kulia.

Mama hakuwa na Kiswahili kingi. "Mwalimu. Dawa."

"Subiri, mama. Binti yako anajifunza."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu anavyomtazama mbuzi asiyefaa hata kuchinjwa. Kisha akanyoosha mkono, akauvuta ufunguo shingoni mwake, uzi ukakatika. Akafungua kabati mwenyewe, akachukua chupa ya dawa.

Njiani mama alisema, "Aliyejifunza kuomba tu, siku akiombwa hulewa."

Mkono wa Ndahani ulioza kabla ya kupona, na vidole vikashikana. Mama akanitoa shule. Mwalimu alimweleza padre kwamba sikuwa na adabu, na padre, kwa Kigogo chake kizuri, akasema ni kweli, inasikitisha.

Kwa miaka mingi niliamini kosa lilikuwa langu. Kwamba ningeanza na "mei", ndugu yangu angeshika jembe kama wenzake. Kisha Waingereza wakaja kuitawala nchi, nikaisikia lugha hiyo kwa wenyewe. Sikuwahi kuwasikia wakimwambia mmoja wetu "mei". Ilikuwa "masti" tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ndipo nikaelewa kwamba sentensi yangu haikuwa na kosa lolote. Mwalimu Zakaria alilijua neno lile vizuri sana. Hakupenda tu kulisikia likitoka kwa mtoto wa Kigogo.