Nilivyojua Tereza Atashinda Urais wa Mdahalo

Hadi leo asubuhi nilikuwa sijamwambia mtu yeyote bwenini kwamba babu yangu wa Usinge alikuwa mpagazi, mbeba mizigo ya misafara.

Leo nimesema, tena mbele ya wote.

Wiki nzima nilishikilia kwamba Tereza atakuwa rais wa chama cha mdahalo. Mlinicheka, wenzangu wa bweni. Mwanaidi, mpinzani wake, anaongea hadi mwalimu wetu Mwingereza anapiga makofi. Tereza husema maneno mawili akakaa.

Kura zikahesabiwa. Tereza.

Mwanaidi akanigeukia. "Haya, mganga wetu. Umejuaje?"

Niliona haya kumtaja babu, lakini nikasimama.

Nikasema babu alibeba pembe za ndovu hadi pwani. Alinieleza kwamba wapagazi hawakumfuata mwenye sauti nzuri. Walimfuata yule ambaye akianzisha wimbo, wenzake wanaitikia na mzigo unakuwa mwepesi.

Nikawakumbusha: tukitoka kisimani na ndoo kichwani, Mwanaidi akiimba tunanyamaza tumsikilize. Tereza akianzisha, tunaitikia sote na kusahau uzito wa ndoo.

Nikangoja mnicheke tena.

Mwanaidi akasema polepole, "Kweli. Hata mimi huwa naitikia."

(Mliokuwepo, andikeni hapa chini mlivyoona. Penseli nimeifunga kwa uzi kwenye ubao huu wa matangazo.)

Jioni kisimani Tereza alinisukuma mbele ya mstari. "Leo anzisha wewe, mjukuu wa mpagazi."

Nikajitwika ndoo, nikaanzisha.