Majina Niliyompa Mkwe Wangu

"Utamwambia wewe, mama, au nimwambie mimi?" Binti yangu alifoka, pasi mkononi, shati la mumewe mezani. "Na ni leo, kabla mgeni hajafika!"

"Utaunguza kola."

"Mama!"

Mumewe hufyeka majani kandokando ya barabara. Wenzake wamembandika jina Shikamoo Majani, maana akiona ua hutupa fyekeo chini, anainama mpaka kiuno kinalia, anatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Anapiga picha ua, kisha anageuza jani kutafuta mayai ya kipepeo. Akikuta kiwavi, mmea ule haufyeki ng'o. Ameshaitwa ofisini mara tatu kujieleza.

Miaka kumi na moja anabandika picha kwenye daftari. Majina ndiyo yaliyomshinda, akaja kwangu. Alidhani mtu asiyekwenda shule lazima ajue majani. Mimi nimekulia nyuma ya kiwanda cha saruji, nilichokijua ni vumbi! Lakini mkwe amechuchumaa mbele yako kwa adabu zote, utasema hujui? Ua la zambarau nikaliita machozi ya fisi. Lile linalotoa maziwa, ambalo viwavi wenye milia hulitafuna mpaka shina, nikaliita soksi za bibi harusi, nikaongeza kuwa babu yangu alilitumia kugundisha midomo ya chui. Akaandika. Na chui akamwandika.

Yamefika mia mbili na arobaini. Mengine ni majina ya wanawake niliogombana nao bombani.

"Mwalimu wa mimea anatoka chuo kikuu kuja kulisoma lile daftari," binti yangu akasema. "Likimridhisha, mume wangu anapewa bustani ya vipepeo ailee. Hashiki fyekeo tena. Wewe unacheka?"

"Nakohoa."

"Mgongo wake umeuona? Hata viatu namvua mimi!"

"Basi mwambie. Mwambie nusu ya ujana wake ameandika porojo za mama mkwe. Tuone kama chakula kitapita."

Akaanza kulia. Pua ikamvimba kama ya marehemu baba yake, ikanichekesha zaidi. Ningemhurumia, lakini kila jioni mumewe alikuja kwangu kwanza na kalamu yake, na maishani hakuna mwingine aliyewahi kuandika neno langu hata moja. Kitu kama hicho nikitoe bure?

"Ayafute majina, abaki na picha," akabembeleza.

"Kwa wino ule? Labda ayafyeke."

Akaninyanyulia pasi. Naapa, nyusi zangu zilitoa moshi.

Mlango ukasukumwa. Mkwe wangu akaingia na fulana iliyolowa jasho, daftari kwapani, na nyuma yake mwanamke wa miwani.

"Karibu, mwalimu," akasema, meno yote nje. "Mama mwenyewe ndiye huyu. Muulize lolote."